Mtu Asiyependeka Aje Laini Saba

(Mhadhara wa wazi kwa walimu, vijana wa maigizo na wakazi wa Laini Saba, Kibera)

  

Mmenitaka nizungumzie filamu za kuchekesha zenye uchungu ndani yake, zile ambazo mhusika wake mkuu ni mtu usiyetaka awe jirani yako. Walimu wa fasihi wana majina yao: tanzia, futuhi, tanzia-ramsa. Mimi leo nitasema futuhi chungu, yaani mchezo unaokuchekesha kwa jambo ambalo ungelilia kama lingekupata wewe. Nimekuja kudai kwamba Laini Saba inastahili filamu ya aina hiyo, yenye mtu wake mbaya aliyekaa katikati ya hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nina sharti moja pia, nitalitaja nikikaribia kumaliza.

Kwanza niwarudishe kwenye kibanda cha vidio. Wenye umri wangu mnakikumbuka: mabati pande zote, kitambaa cheusi mlangoni, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni juu ya kreti za soda, na nje ubao wa chaki wenye orodha ya sinema na saa za mpira. Kiingilio shilingi 20. Picha nyingi za kigeni zilitufikia kupitia sauti ya DJ Afro, na mnajua alivyotufafanulia watu wake, huyu stelingi, yaani shujaa, wale maadui. Siku ninayoisema hatukuhitaji mfasiri. Tulikuwa tunatazama Nairobi Half Life, na watu mle ndani walizungumza kama sisi.

Ilipofika pale Mwas anaposafisha choo cha seli, kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Kijana ametoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, Nairobi imempora kila alichobeba siku ile ile ya kwanza, na sasa ameinamia choo cha polisi. Tulicheka kwa sababu choo kile tunakijua. Tukacheka tena alipoingia kwenye genge na kujifunza kuiba vipuri vya magari. Jirani yangu wa benchi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kofia.

Picha ikaisha, tukatoka. Hatua chache kutoka mlangoni umati ulikuwa umemzunguka kijana mmoja aliyeshikwa na mtungi wa gesi wa kilo sita ambao haukuwa wake. Shati lake lilikuwa limeshachanika. Na yule jirani yangu wa benchi, ambaye machozi ya kicheko hayajamkauka, aliinama akaokota jiwe.

Kisa hiki nitakimalizia baadaye. Nakiomba kikae vichwani mwenu tunapoendelea.

Hoja ya kwanza: mhusika mkuu si lazima tumpende

Kibandani tulilelewa na makundi mawili. Kuna stelingi, na stelingi hafi. Kuna maadui, nao hufa wengi kabla ya picha kuisha. Ukimwuliza mtoto wa miaka tisa hapa mtaani filamu inahusu nini, atakuonyesha kwa kidole nani ni nani, kisha atasubiri ngumi.

Lakini yuko wa tatu. Huyu kamera inamfuata hadi chumbani kwake. Tunajua anakula nini, anamwogopa nani, anamdanganya nani. Ndiye mwenye hadithi, ila matendo yake yanatuchukiza na filamu haitubembelezi tumsamehe. Ndugu zangu, kumfuata mtu kwa dakika tisini bila kumpenda ni kazi. Mtazamaji anayeifanya hutoka akijua jambo kuhusu nafsi yake ambalo stelingi hawezi kumfunza.

Je, Mwas ni mtu huyo? Filamu ile iliyoelekezwa na David Tosh Gitonga ilitoka mwaka 2012. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Naipenda kwa moyo wote. Hata hivyo naona ilifika nusu ya njia. Kila Mwas anapokosea, kando ya kosa kumewekwa udhuru: ana mama kijijini, ana kipaji, Nairobi ilimwanza yeye kwanza. Na mwishoni wenzake wameuawa mikononi mwa polisi, naye anapata jukwaa la kusimama. Tunamsamehe kabla hajaomba.

Mtu ambaye filamu ile haikumwombea msamaha ni Oti, mkuu wa genge, aliyeigizwa na marehemu Olwenya Maina. Oti anakuchekesha huku unamwogopa. Anamkaribisha mgeni, anagawa alichonacho, na hana muda wa kukueleza alifikaje hapo. Olwenya Maina alituacha mwaka 2022. Nikimtazama leo katika filamu ile naona pengo kubwa: hatukuwahi kumpa mtu kama Oti filamu yake mwenyewe.

Hoja ya pili: mtu huyu si mgeni kwetu

Kuna wanaosema kwamba mhusika asiyependeka ni mtindo wa Wazungu. Naomba tukumbushane. Abunuwasi tumemsimulia Uswahilini kote, naye ni mwongo, mdeni mbaya na mtu asiyefaa kuazimwa sufuria. Katika tamthilia yake Mstahiki Meya ya mwaka 2009, Timothy Arege alimweka katikati ya jukwaa Meya Sosi wa Cheneo: wafanyakazi wanagoma, taka zinarundikana, hospitalini dawa hakuna, na mheshimiwa anahangaikia mapokezi ya wageni. Wengi wenu mliokaa hapa mbele mlikisoma shuleni kitabu kile kwa ajili ya mtihani. Mlicheka, mkaandika insha, mkapata alama. Hakuna aliyesema Arege anawafundisha watoto kuwa mameya wabovu.

Na Mzee Ojwang je? Marehemu Benson Wanjau alituingilia sebuleni miaka na miaka kupitia kipindi cha Vitimbi, pamoja na Mama Kayai, yaani Mary Kavere. Mhusika wake alikuwa na hila nyingi za kukwepa wajibu, mkali pasipo sababu, mwepesi wa kutunga uongo, na uongo ule ulimrudia kabla kipindi hakijaisha. Ungekuwa naye kama baba mkwe ungehama. Tulimpenda vipi basi?

Nitawaambia ninachoamini. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo ya upendo na ustadi hata wengine hawakujua hadi alipofariki Julai 2015. Ndani ya mtaa huu, ambapo nyumba kumi zilikuwa zikitazama televisheni moja, jamii hizo mbili zilikaa sakafuni bega kwa bega zikimcheka mzee mmoja mwenye makosa. Mnajua ghasia za kikabila zilizotokea hapa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sitazirudia mbele ya watoto. Nasema tu kwamba hatukuwahi kugombana kuhusu Ojwang ni wa nani. Mtu akionyeshwa na kasoro zake zote, kila nyumba humtambua.

Futuhi ya Ojwang ilikuwa tamu, si chungu. Hakuna aliyeumia sana. Kwake, hata mtungi wa gesi ulioibwa ungerudi kwa mwenyewe na wote wangekunywa chai. Tunachohitaji sasa ni hatua inayofuata.

Hoja ya tatu: huruma imetunyima nafasi

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kibera imepigwa picha kuliko mitaa mingi ya Afrika. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipita hapa. Rachel Weisz, aliyetembea katika vichochoro vyetu ndani ya filamu ile, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Sisi tulikuwa nyuma yake, tukipita na ndoo. Mwaka 2006 Nathan Collett akatengeneza Kibera Kid, filamu fupi ya mtoto yatima anayeishi na genge la wezi na kutakiwa kuchagua njia. Mwaka 2010 Hawa Essuman akatupa Soul Boy, iliyoandikwa na Billy Kahora, ya kijana Abila anayetafuta roho ya babake iliyopotea na kupewa majaribu saba. Hii ya mwisho ni nzuri mno, nami huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka.

Angalieni lakini ni nani aliye katikati. Mgeni, mtoto, kijana. Mtoto hana hatia, na mtazamaji aliye mbali hutulia moyo akimwona. Mtu mzima wa Laini Saba, mwenye akili, mwenye tamaa, anayejua anachofanya na kukifanya hata hivyo, hayumo. Sisi wakubwa tumepewa kazi mbili: kuhurumiwa au kuogopwa usiku. Anayetuhurumia ana nia njema, wala simlaumu. Ila mtu wa kuhurumiwa hapewi maneno mengi ya kusema, wala hafanyi uamuzi wowote utakaoigeuza hadithi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tukiendelea kuficha ubaya wetu ili wageni watuonee huruma, filamu zetu hazitazaa.

Tutazame wenzetu wa Senegal. Mwaka 1975 Ousmane Sembène alitoa filamu iitwayo Xala, kutokana na riwaya yake mwenyewe. Inaanza na wafanyabiashara wapya Waafrika wanaochukua nafasi za Wafaransa, na mara moja wanapokea mikoba iliyojaa noti. Mmoja wao, El Hadji Abdou Kader Beye, anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka. Anahangaika kwa waganga huku biashara yake ikizama. Gari lake la Mercedes linatiwa maji ya chupa yaliyoletwa kutoka Ufaransa, maji yale yale anayokunywa yeye, ilhali ombaomba walio nje ya ofisi yake anaagiza wafukuzwe na polisi. Binti yake anamjibu kwa Kiwolofu, na yeye anataka Kifaransa.

Ukumbi mzima hucheka. El Hadji si mtu wa kupendwa hata kwa dakika moja. Na Sembène, mtoto wa mvuvi aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, hakumtengeneza ili wageni watucheke. Alitaka Wasenegali wamwone mtu waliyempigia makofi siku ya uhuru. Wakaguzi wa serikali walielewa vizuri, ndiyo maana waliikatakata filamu ile kabla ya kuiruhusu.

El Hadji wetu ni nani? Vijana, mnaniuliza kila mara mtapata wapi hadithi. Nchi hii, isiyochimba almasi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ililipa mabilioni ya fedha za umma kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje. Tunaijua kwa jina la Goldenberg. Hiyo ni futuhi chungu iliyokwisha kuandikwa na wenye suti, inangoja mwelekezi.

Tusiende mbali, hata hivyo. Shirika la mkobani, lile linaloishi kwenye mkoba wa mwenyewe tu, mnalijua. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa mojawapo, nisilitaje. Chumba kimoja cha mabati, bango jipya, picha za watoto ukutani. Asubuhi ya wageni mwenye shirika alipita kwa majirani kuazima watoto. Akina mama waliwaosha nyuso, wakawatoa. Watoto wakapangwa kwa urefu, wakavishwa sweta za kijani zinazofanana, wakafundishwa wimbo. Wageni wakaja, wakapiga picha, mmoja akalia. Kila mtoto akapata nusu mkate na soda. Gari la wageni halijafika barabarani, mwenye shirika akaanza kuvua sweta zile, moja baada ya nyingine, na kuzirudisha kwenye gunia. Kulikuwa na msichana mdogo aliyeinua mikono juu mwenyewe, bila kuambiwa, ili sweta itoke kwa urahisi. Alikuwa ameshazoea.

Mtu yule ni mcheshi kupindukia. Anaweza kuwafanya mcheke hapa hadi giza liingie. Anawalipia watu matanga, anajua jina la kila mtoto, na ni mwizi. Mwekeni katikati ya filamu. Msimpe udhuru wa utotoni. Msimpe mjomba aliyemdhulumu. Mwacheni azungumze, acheke, ale, adanganye, na kamera isimwache hadi gunia lifungwe.

Hoja ya nne: hofu ya wazazi, na lile sharti

Namwona mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Mama, hofu yako naiheshimu. Unauliza, mtoto akimcheka mwizi, hatamwiga?

Januari 2014 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street ya Martin Scorsese, ambamo Leonardo DiCaprio ni dalali wa hisa anayelaghai maelfu na kuishi kwa ulevi na ufuska. Bodi ilitaja uchi, ngono na matusi. Marufuku ile haikuzuia kitu, mimi nakala niliiona kwa muuza CD kabla ya mwezi kuisha, na vijana waliokuwa hawana habari nayo waliiulizia kwa jina. Niliitazama. Nikakuta kasoro ambayo bodi haikuitaja. Katika saa tatu za filamu ile, watu waliotapeliwa hatuwaoni nyuso. Tunawasikia kwenye simu, sauti tu, wakikubali kutoa akiba zao. Hatujui nyumba ya nani iliuzwa. Na mwishoni kabisa tapeli yuko New Zealand, amesimama mbele ya ukumbi, na kamera inageukia nyuso za watu waliokuja kujifunza kwake. Scorsese alikusudia zile nyuso ziwe sisi, naamini hivyo, na ni mwisho wenye nguvu. Ila aliyeumizwa hakupewa kiti hata kimoja ukumbini mle.

Mama, hilo ndilo la kuogopwa. Kicheko hakimharibu mtoto. Mtoto anaharibiwa na ulaghai usio na mlaghaiwa.

Turudi kwenye Xala. Mwisho wake ombaomba wale waliofukuzwa wanaingia nyumbani kwa El Hadji. Vilema, vipofu, mkulima aliyeporwa. Wanakula chakula chake. Wanamweleza alichowafanyia. Kisha wanamwambia avue nguo ili apone, na wanamtemea mate mmoja baada ya mwingine, mbele ya familia yake. Hapo kicheko kinakatika. Hata Nairobi Half Life, niipendayo, haikutuonyesha kwa undani mwenye gari lililovuliwa vipuri akifika nyumbani usiku.

Sharti langu basi ni hili. Mwekeni mtu mbaya katikati na mumfanye achekeshe mpaka mbavu ziume, lakini kabla filamu haijaisha aliyeumizwa naye aingie mlangoni, awe na uso, awe na jina, aseme.

Sasa nimalizie kile kisa cha kibandani. Jiwe liko mkononi mwa jirani yangu. Kijana amelala chini, mtungi wa gesi umelala kando yake. Umati umeshaamua. Kutoka kwenye kichochoro akatokea mama wa makamo, leso kiunoni, mikono ina unga wa chapati, akipasua watu kwa viwiko. Ndiye mwenye mtungi. Akasimama juu ya yule kijana akasema: "Mwacheni. Mimi nataka mtungi wangu, sitaki maiti mlangoni pangu." Akauinua mtungi, akauweka begani. Halafu akamtazama kijana na kumwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia kwamba siku mbili hajauza chapati hata moja, na watoto wake wamelala na uji. Kijana akafunika uso kwa mikono yote miwili. Jirani yangu akaliacha jiwe likaanguka.

Mama yule hakumsamehe. Alimtukana njia nzima akirudi kwake. Lakini alipofika yeye, kila mtu pale alionekana kwa ukubwa wake, mwizi, mpiga mawe na mimi niliyekuwa nimesimama tu nikitazama.

Tunaelekea wapi

Mna simu mfukoni zinazopiga picha safi kuliko kamera tulizokuwa tukiziazima zamani. Mna DJ wa mtaa anayeweza kusimulia sinema nzima bila kupumua. Wakaligga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa kidogo sana na kompyuta alizoziunganisha mwenyewe, na leo inatazamwa duniani kote. Vifaa tunavyo. Kilichobaki ni ujasiri wa kumtazama mtu mbaya wa mtaani kwetu bila kumpamba na bila kumrushia jiwe.

Walimu, nawaomba muwaruhusu wanafunzi waandike habari za watu wasiowapenda. Wazee wa mtaa, nawaomba msikasirike mkijiona. Akina mama, hadithi hizi ziko kwenu, mlikuwepo wakati sweta zikivuliwa. Wapeni vijana.

Nimekuja na daftari arubaini. Ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Anayetaka achukue moja, na upande wa kushoto aandike ukurasa mmoja kuhusu mtu anayemchukia, jinsi anavyocheka, anavyotembea, anavyoomba mkopo. Upande wa kulia aandike ukurasa wa yule aliyeumizwa. Jumamosi ijayo saa nane mchana nitakuwa hapa hapa kuzisoma pamoja nanyi.